Fundi taa wa Bangwe na mtihani alioufuta mwenyewe

Mitumbwi ya dagaa imekwisha kurudi kutoka ziwani, akina mama wamekwisha kununua na kuanza kuanika, na hapa mwaloni Bangwe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kuna turubai moja la bluu linalotikisika kana kwamba kuku amenaswa ndani yake. Hakuna kuku. Kuna Safina Chande, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, na taa nane za kuvulia.

Anajifunika kwa sababu ya jua. Taa ya dagaa ukiiwasha mchana kweupe huwezi kujua kama inawaka sawasawa au inachezacheza, kwa hiyo fundi hujitengenezea giza lake mwenyewe. Anawasha, anatazama, anazima. Kisha anatoa kichwa nje, jasho linamtiririka, mdomoni ameuma kipande cha tepu nyeusi.

“Tano za mwanzo ziko vizuri,” anasema. “Ya sita, ya saba na ya nane ndizo zinazocheza.”

Mwenye mtumbwi anaitwa Castory. Amesimama mikono kiunoni, macho mekundu kwa kukesha. Salamu yake ya Kiha, “Mwakeye”, aliitoa mara moja tu asubuhi, na tangu hapo amekuwa akisubiri.

“Basi fumua zote,” anasema.

Ndivyo mwalo huu ulivyozoea. Taa moja ikicheza, fundi hukata maungio yote ya waya, akayasafisha, akaunga upya na kufunga tepu mpya kuanzia kwenye betri hadi taa ya mwisho. Ni kazi ya kutwa nzima. Hakuna anayeilalamikia, maana taa ikizimika katikati ya ziwa dagaa hutawanyika, na mvuvi aliyepoteza dagaa hana subira na fundi.

Tatizo ni kwamba leo Safina hana kutwa nzima. Saa kumi jioni treni inaondoka stesheni ya Kigoma, na yeye anatakiwa awemo. Jumatatu ana mtihani wa marudio wa somo la saketi za umeme katika chuo anachosomea uhandisi, nje ya mkoa huu. Wanafunzi huuita sapu. Akifaulu, anaingia mwaka wa tatu. Akifeli, anaondolewa masomoni, au kama wasemavyo wenyewe vyuoni, anadisko.

“Mzee Castory, naomba nifungue ungio moja tu,” anasema.

Castory anacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyefurahi.

“Moja? Na ziwa nalo utaliomba hivyohivyo?”

Ombi hilo ni dogo kwa masikio ya mgeni. Kwa Safina ni zito kuliko betri aliyoibeba asubuhi, na ili kujua uzito wake inabidi kwanza kwenda Ujiji, kwenye baraza la nyumba ya baba yake.

Mzee Chande, mwenye miaka sitini na minane, alikuwa fundi wa karabai. Enzi hizo dagaa wa Tanganyika walivuliwa kwa taa za mafuta, na kila asubuhi baraza lake lilijaa karabai zenye masizi zikingoja zamu, kama wagonjwa zahanati. Wavuvi wa Ujiji, wa Bangwe na hata wa vijiji vya mbali walimjua.

“Karabai haina majadiliano,” anasema mzee huyo. “Ikiziba, unaifungua yote. Sindano, pampu, bomba, vyote unaviosha. Ukisafisha kimoja ukaacha kingine, kesho inarudi, na mwenyewe anarudi nayo amenuna.”

Karabai zikaondoka, zikaja taa za betri. Mafundi wengi wa rika lake waliacha kazi. Yeye alijifunza waya uzeeni, na sheria yake ya karabai akahama nayo: kimoja kikiharibika, fumua vyote. Mwalo mzima ukaizoea, na wavuvi wakaipenda, kwa kuwa iliwapa usingizi mchana.

Safina ni wa mwisho kati ya watoto watano na ndiye pekee aliyekaa karibu na baba yake akiwa na plaizi mkononi. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikunjwa akakunjika.

“Hata jikoni yuko hivyo,” anasema mama yake, Ashura, anayeuza dagaa wakavu sokoni Ujiji. “Akiona bonge moja kwenye ugali, anataka kuumwaga wote aanze kuchemsha maji. Nimemnyang’anya mwiko mara ngapi.”

Siku hizi mkono wa kulia wa Mzee Chande unatetemeka, kwa hiyo anakaa kwenye kreti na kutazama, kazi anafanya binti. Mtumbwi mmoja hulipa kati ya shilingi elfu kumi na elfu ishirini. Siku za giza kazi ni za dharura, taa imekufa leo na inatakiwa jioni. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi hupumzika, maana dagaa hawana haja ya taa ya mtu wakati mwezi unawamulikia bure, na hapo ndipo mafundi hufumua kwa nafasi. Pesa hiyo ndiyo inayomnunulia Safina nauli, sabuni na karatasi za chuo likizo inapokwisha.

Alipochaguliwa kusomea uhandisi wa umeme, mtaani kwao hakuna aliyeshangaa. Kama si yeye, nani? Binti aliyeunga waya tangu hajaanza sekondari angeshindwa vipi somo la waya?

Mwenyewe anasema alianza kushindwa siku ya kwanza, kabla ya kuandika chochote.

“Darasani tulikuwa karibu sitini, wasichana saba,” anasimulia. “Wenzangu wengine wametoka shule zenye maabara nzuri. Mwalimu akiuliza swali, wanajibu kama wamezaliwa nalo. Mimi jibu ninalo, lakini nasema moyoni, hili langu ni la Bangwe, la kwao ni la kitabuni. Nanyamaza. Halafu mwalimu anasema jibu, nakuta ndilo lilelile langu.”

Ungedhani mtu akikuta hivyo mara tatu, mara nne, atapata moyo. Haikuwa hivyo. Kila mara alijiambia amebahatisha.

Kwenye mtihani wa mwaka wa pili alianza swali la kwanza vizuri. Akaenda nalo mistari mingi, akafika karibu na mwisho, akaona namba moja ambayo haikumkalia vizuri. Akapiga mstari juu ya ukurasa mzima na kuanza upya. Swali la pili vilevile. La tatu alilikata mara mbili. Kengele ilipolia, alikuwa ameandika kuliko wenzake wote na alichokiacha bila kukatwa hakikutosha hata swali moja na nusu.

“Namba moja ikinitia shaka, moyo unaniambia kazi yote imeoza,” anasema. “Sikujua kama hiyo ni tabia. Nilijua ndiyo kazi safi.”

Matokeo yalitoka akiwa nyumbani. Ujiji ni mji mkubwa kwenye ramani na mdogo kwenye habari. Kabla ya adhuhuri wauza samaki walikuwa na utani mpya: fundi umeme kafeli umeme. Hakuna aliyeusema kwa ubaya, lakini utani usio na ubaya nao huuma.

Jioni hiyo Safina alimwambia baba yake kwamba hatarudi chuoni kufanya sapu.

“Nilimwambia, baba, uhandisi si wangu. Mimi ni wa taa. Nitakaa na wewe mwaloni.”

Mzee Chande anatazama mkono wake unaotetemeka anapofika hapo kwenye hadithi.

“Nisiseme uongo,” anasema. “Nilihuzunika. Lakini kwa mkono huu, moyoni nilisema, haya, angalau nitakuwa na mtu. Baba hapaswi kufikiri hivyo. Nilifikiri.”

Aliyekataa ni Ashura. Alimwambia binti yake maneno ambayo kila mtoto wa Kiswahili ameambiwa walau mara moja, kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kisha akarudi kwenye dagaa wake. Safina hakuyaoga. Alikaa tu.

Wakati huo ziwa lilikuwa limefungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, na mwalo wa Bangwe ulikuwa kimya. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani, matumbo juu. Kazi za taa hazikuwepo. Ndipo siku moja akatokea Nehemia.

Nehemia ni kijana wa Simbo ambaye wazazi wake wanalima michikichi. Anasoma darasa moja na Safina, na naye alikuwa na sapu ya somo hilohilo. Alikuja na dumu dogo la mawese kwa ajili ya Mama Ashura, kitabu cha saketi, na chaki mfukoni.

Inafaa kusema wazi kwamba Nehemia hana shida ya kujiamini. Shida yake ni kusoma.

“Mimi nilifeli kwa sababu sikufungua kitabu,” anasema bila haya. “Niliingia chumba cha mtihani nikiwa na uhakika kabisa. Nikatoka na uhakika vilevile. Matokeo ndiyo yakanishangaza. Sasa nikasema nimtafute Safina, kwa sababu yule anajua, anifundishe.”

Hivyo alikuja kufundishwa. Walitumia ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa kama ubao, kwa kuwa ulikuwa umepakwa lami na chaki ilionekana vizuri. Safina aliandika swali, akashuka mstari mmoja baada ya mwingine huku akieleza. Nehemia alikuwa akinakili. Alipofika karibu na mwisho Safina alisita, akachukua kitambaa kibichi na kufuta ubavu wote wa mtumbwi.

Mazungumzo yaliyofuata wote wawili wanayakumbuka neno kwa neno.

“Mbona unafuta?”

“Nimekosea.”

“Wapi?”

“Sijui. Ila jibu limekaa vibaya.”

“Hujui ulipokosea, sasa unafuta nini?”

Nehemia, ambaye mistari yote alikuwa nayo kwenye karatasi, aliimalizia hesabu ile mwenyewe na kufungua kurasa za nyuma za kitabu, kwenye majibu. Jibu lilikuwa sahihi. Safina hakuamini. Alichukua swali la pili, akaenda nalo, akafika pale pale pa kusita, na mkono ukafuata kitambaa. Nalo lilikuwa sahihi. La tatu lilikuwa na kosa, alama ya kutoa iliyosahauliwa kwenye mstari mmoja. Hiyo tu.

“Nililia,” anasema Safina. “Si kwa furaha. Nililia kwa hasira. Niliwaza kurasa zote zile nilizozikata kwenye mtihani, nani ajuaye ndani yake mlikuwa na nini.”

Mwalimu wake wa chuo, Esther, ambaye amefundisha uhandisi kwa miaka mingi, anasema kwa simu kwamba Safina hayuko peke yake.

“Kila mwaka nakutana na karatasi ambazo nusu yake imekatwa mstari,” anasema. “Nikisoma chini ya ule mstari nakuta kazi nzuri. Siruhusiwi kutoa maksi kwa kitu ambacho mwanafunzi mwenyewe amekikataa. Inaniuma, lakini nifanyeje? Nimsahihishie asichokitaka?”

Kuanzia siku ile Nehemia alikikalia kile kitambaa. Si kwa mfano. Alikiweka chini ya makalio na kuketi juu yake kila walipokutana. Safina alitakiwa kuanza mstari wa kwanza na kuuliza, huu uko sawa? Kama uko sawa, aweke alama pembeni na asiuguse tena. Ashuke hadi mstari utakaokataa. Hapo tu ndipo ataruhusiwa kufuta, na kwa kidole.

Siku ya tatu au ya nne Safina alisimama katikati ya swali, chaki mkononi, akamgeukia Nehemia.

“Ni kama waya,” alisema. “Taa zinazowaka huzigusi.”

Hapo nyuma yao, kwenye kivuli cha mtumbwi mwingine, Mzee Chande alikuwa ameketi kwenye kreti yake. Alisikia.

“Nilijua ananisema mimi, ingawa hakujua kama nipo,” anasema mzee. “Iliniuma. Nilitaka kumwambia, karabai zililisha nyumba hii. Lakini kweli ni kwamba karabai zimeondoka.”

Ziwa likafunguliwa Agosti, kazi zikarudi, na Safina akakata tiketi ya treni. Lakini mazoea yana taabu. Nehemia alitangulia wiki iliyopita, na kitambaa hakuna wa kukikalia. Usiku wa kuamkia leo, anakiri, aliota swali akalikata.

Na asubuhi ndiyo hii, Castory na taa zake nane.

“Tazama, Mzee Castory,” Safina anaeleza, akishika waya mkuu kwa vidole viwili. “Umeme unatoka kwenye betri unaenda taa ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Tano zinawaka bila kucheza. Maana yake mpaka hapo njia ni nzima. Ubovu uko kati ya ya tano na ya sita. Nikifungua hapo, nimemaliza.”

“Nimevua miaka yote na taa za baba yako,” anasema Castory. “Sijawahi kusikia hayo.” Anageuka. “Shikamoo, Mzee Chande. Hebu mwambie binti yako. Mimi jioni naingia ziwani.”

Watu wawili watatu waliokuwa wakikunja nyavu wanaacha kukunja. Mzee Chande yuko kwenye kreti, mkono wa kulia ameubana kwa wa kushoto. Anamtazama Castory, anamtazama Safina.

“Marahaba,” anasema. “Fundi ni huyo hapo. Mimi siku hizi hata shati linafungwa vifungo na mke wangu.”

“Na kama ubovu hauko hapo?” Castory anamuuliza Safina.

“Basi nitafumua zote, na treni iende.”

Anasema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini baba yake anainamisha kichwa. Treni ya leo ikiondoka, inayofuata haimfikishi kabla ya Jumatatu.

Safina anakata tepu kwenye ungio lililo kati ya taa ya tano na ya sita. Ndani, nyuzi za shaba zimeota kutu ya kijani na mbili zimekatika kabisa. Hashangilii. Anazikwangua, anazisokota, anazilehemu na kuzifunga tepu mpya, akiivuta kwa meno. Kisha anamnyooshea Castory ukingo wa turubai.

“Ingia mwenyewe uone.”

Castory anaingiza kichwa na mabega. Anakaa humo muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Anatikisa waya, anautikisa tena kwa nguvu.

“Zinawaka,” sauti yake inasema kutoka chini ya turubai.

Hapo ndipo linapotokea jambo ambalo pengine wengine mwaloni hawakuliona. Safina ameshazungusha plaizi mkononi, na mkono wake unakwenda wenyewe kwenye ungio linalofuata, lile kati ya taa ya sita na ya saba, ambalo halina ubaya wowote. Ncha ya plaizi inagusa tepu.

“Safina,” anasema baba yake, kwa upole.

Anasimama. Anatazama plaizi kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeishika. Kisha anaitia kwenye mfuko wa vifaa, anafunga zipu, na mfuko wenyewe anampa baba yake.

Castory analipa bila kubishana bei. Haagi kwa maneno mengi pia. “Zikizima, tutaonana,” anasema.

“Nikirudi,” anajibu Safina.

Saa kumi jioni anapanda treni akiwa na begi moja na kifurushi cha dagaa wa kukaanga kutoka kwa mama yake. Mzee Chande hakufika stesheni. Amebaki mwaloni na mfuko wa vifaa. Wiki hii, anasema, atakuwa akiwaambia wavuvi wasubiri, na wasiopenda kusubiri wakatafute kwingine.

Asubuhi ya siku ya pili Castory anapokea simu akiwa bado na maji miguuni.

“Taa ziliwaka zote mpaka asubuhi,” anasema. “Dagaa ndio hawakuja. Lakini hilo si la fundi.”

Treni wakati huo imeshapita Tabora na mtandao unakatika na kurudi. Safina anapewa habari hiyo kwa simu.

“Hata ya nane?” anauliza.

Anajibiwa kwamba hata ya nane. Anacheka, na nyuma yake inasikika sauti ya mtu akiuza mayai ya kuchemsha.

Anasema akimaliza chuo atarudi Bangwe kutengeneza taa ambazo kila moja itakuwa na waya wake na fyuzi yake, ili moja ikifa zingine ziachwe kwa amani. Tayari ana mchoro. Baba yake ameutazama, akausogeza mbali na macho, akasema waya utakuwa mwingi mno, na Safina amekubali kwamba hapo mzee kasema kweli.

Na Jumatatu?

“Nitaandika, nitaweka alama, nitashuka,” anasema. “Nikiona namba imekaa vibaya, nitatafuta mstari wake. Nisipouona, naiacha hivyohivyo, nakwenda swali jingine.”

Na kama, pamoja na hayo yote, hatafaulu?

Treni inaingia mahali penye kelele, na inabidi aongeze sauti.

“Safari hii nikifeli, wanifelishe wao,” anasema Safina. “Mimi nimeshajifelisha vya kutosha.”